Fungu la maskini katika sadaka zetu limekwenda wapi?

#1 mleta_uzi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, leo nimeona nililete hapa tulijadili kwa utulivu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Karibu kila ibada, kabla vikapu havijapita, unasomwa Malaki 3:10: "Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Yanafuata maneno machache kuhusu madirisha ya mbinguni, wimbo unaanza, watu wanatoa. Mstari wenyewe sina ugomvi nao. Shida ni kwamba tunaingia kwenye sura tukiwa tumechelewa. Rudi nyuma kidogo tu, mstari wa 5 wa sura hiyohiyo. Mungu anasema anakuja kuhukumu, na katika orodha ya watakaohukumiwa, bega kwa bega na wachawi na wazinzi, wamo wanaompunja kibarua mshahara wake, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaomnyima mgeni haki yake. Huo mstari mara ya mwisho umeusikia lini wakati wa matoleo?

Najua kuna atakayesema ghala la hekaluni lilikuwa la Walawi na makuhani. Ni kweli, Nehemia 13 inalionyesha hilo wazi. Lakini torati haikuishia hekaluni. Soma Kumbukumbu la Torati 14:28-29. Kila mwaka wa tatu zaka yote ya mwaka ule ilibaki mjini, ndani ya malango, na walaji wake wametajwa: Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Waje, wale, washibe. Mlawi ametajwa wa kwanza kwa sababu hakupewa urithi wa ardhi. Ila yuko pamoja na wenzake watatu. Sisi tumemshika Mlawi, wale watatu tumewatoa kwenye orodha, halafu tunaendelea kuiita zaka ya kibiblia.

Twende Agano Jipya. Matendo 4 tunaipenda kwa sababu watu waliuza mashamba na nyumba wakaweka fedha miguuni pa mitume. Wahubiri wengi hukomea hapo miguuni. Sentensi haijaisha! Inaendelea kusema kila mtu akagawiwa kwa kadiri ya mahitaji yake, na kabla ya hapo tumeshaambiwa hapakuwa na mhitaji kati yao. Miguu ya mitume ilikuwa njia ya kupitia. Na michango ambayo Paulo alihangaika nayo kwa miaka, ile anayoiandikia 2 Wakorintho 8 na 9, ambayo ndimo tunamotoa "Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu", ilikuwa ya nini? Warumi 15:26 inajibu: ya maskini waliokuwa miongoni mwa watakatifu wa Yerusalemu. Hakuna hata jengo moja ndani yake.

Kanisa lililofuata liliendelea hivyohivyo. Yustino Mfiadini, akiwaeleza watawala wa Roma katikati ya karne ya 2 jinsi Wakristo wanavyoabudu, anasema wenye uwezo hutoa kila mmoja apendavyo, kinachokusanywa huwekwa kwa anayeongoza ibada, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Hiyo ndiyo sadaka ya Jumapili kama mtu aliyekuwepo alivyoieleza. Mwaka 251 Askofu Kornelio wa Roma anaandika barua akihesabu watu wa kanisa lake: mapadre 46, mashemasi 7, na wajane pamoja na wahitaji zaidi ya 1,500 wanaotunzwa na kanisa. Hapo Ukristo bado haukuwa dini halali, na watu walikuwa wametoka kupita katika mateso ya Kaisari Desio.

Na hili ndilo lililonifanya nikae nikaandika. Mwaka 494 Papa Gelasi aliwaandikia maaskofu kwamba mapato ya kanisa yagawanywe mafungu manne: la askofu, la mapadre na watumishi wengine, la maskini, na la majengo. Zaidi ya miaka mia baadaye Papa Gregori Mkuu alimjibu hivyohivyo Augustino, mmisionari aliyemtuma Uingereza. Maskini walikuwa na fungu lao, limeandikwa, halimtegemei mtu ameamkaje siku hiyo.

Sasa tuulizane bila hasira. Kwenye kanisa lako, katika kila mia inayoingia kapuni, ngapi inatoka kwenda kwa mhitaji? Na je, unaijua hiyo namba? Binafsi naona kanisa lisiloweza kulijibu swali hilo halijasoma Biblia yake mpaka mwisho, hata kama linasoma Malaki kila wiki.

Naomba kuwasilisha.

#2 mtumishi_mdogo

Ubarikiwe mleta uzi. Mimi ni mchungaji, nimesoma yote bila kuruka.

Naomba niseme upande ambao hausemwi. Bwana ameamuru wahubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili (1 Wakorintho 9:14), na wazee watawalao vema wastahili heshima maradufu (1 Timotheo 5:17). Ukisikia "mchungaji" watu wanafikiria yule wa magari na walinzi. Walio wengi hatuko hivyo. Kuna watumishi hawana mshahara kabisa, wao wenyewe ndio wahitaji wa kanisa, ila hawawezi kusema.

Na kingine, maskini hagongi mlango wa mhazini. Anagonga wa mchungaji. Aliyetolewa vitu nje na mwenye nyumba anakuja kwangu. Mwenye mgonjwa aliyezuiliwa hospitali kwa deni anakuja kwangu, tena saa nne usiku, na hapo mke wangu ananiangalia kwa sababu anajua kilichobaki ndani. Hiyo haiingii kwenye kitabu cha hesabu. Kwa hiyo ukiangalia vitabu ukaona fungu la maskini ni sifuri, usikimbilie kusema hatutoi.

#3 msema_kweli_daima

Naomba tusigeuze umaskini kuwa utakatifu. Ibrahimu alikuwa tajiri. Ayubu alikuwa tajiri, akarudishiwa maradufu. Yusufu wa Arimathaya alikuwa tajiri na ndiye aliyempa Bwana kaburi. Akina Yoana na Susana walimhudumia Yesu kwa mali zao (Luka 8:3). Bila wenye mali huduma isingeenda. Kinachokatazwa ni kupenda fedha, si kuwa nazo.

#4 mleta_uzi

Mchungaji, Mungu akutie nguvu, na mama pia. Ulichosema nimekipokea chote. Tena naona kinaongeza uzito wa hoja. Kama kanisa lingekuwa na fungu la maskini lililoandikwa, yule wa saa nne usiku angehudumiwa na kanisa zima. Kwa sasa anahudumiwa na mfuko wako, na siku mfuko wako mtupu anarudi mikono mitupu, huku kanisa lina fedha za vipaza sauti vipya. Gelasi hakumwondoa mtumishi kwenye mgawo. Kati ya mafungu manne, mawili ni ya watumishi! Nani amesema mchungaji afe njaa?

Ndugu wa #3, kuhusu utajiri kutokuwa dhambi, nakubaliana nawe, na Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa la kale, aliliandikia kijitabu kizima karne nyingi zilizopita, akisema kama kila mtu angetupa mali yake, nani angemlisha mwenye njaa? Lakini angalia matajiri uliowataja wanafanya nini. Ayubu mwenyewe katika sura ya 31 anaapa kwamba hakula tonge lake peke yake bila yatima kulila, wala hakumwona mtu akipotea kwa kukosa nguo asimvike kwa manyoya ya kondoo wake. Zakayo anatoa nusu ya mali, na aliowadhulumu anawarudishia mara nne, ndipo Yesu anasema wokovu umefika nyumbani humo. Tajiri wa Luka 16 hatuambiwi aliiba wala alidhulumu. Kosa lake tunaloonyeshwa ni kwamba Lazaro alikuwa amelala mlangoni pake, kila siku, na yeye akipita. Hicho ndicho kinachonitisha. Unaweza kupotea kwa kupita tu.

Basili wa Kaisaria, aliyeona njaa kubwa ya Kapadokia karibu mwaka 369, akihubiri juu ya yule mwenye ghala wa Luka 12, aliwaambia matajiri wa mji wake kwamba mkate wanaoushikilia ni wa mwenye njaa, na nguo iliyofungiwa sandukuni ni ya aliye uchi. Hakusema "ingependeza mkiwapa". Alisema ni vyao. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa sana, na nadhani hapo ndipo tulipoteleza. Tumelifanya jambo la haki kuwa jambo la huruma, na huruma mtu anaiahirisha bila kujisikia vibaya.

#5 binti_sayuni

Huwa nasoma tu humu, leo nimeona niandike.

Baba yetu alipofariki mama alibaki na sisi wanne. Kanisa lilitusaidia, siwezi kusema uongo. Lakini nawaeleza jinsi tulivyosaidiwa. Tuliitwa mbele katikati ya ibada. Tukapangwa mstari, mimi mkubwa pembeni ya mama. Kila kitu kikatajwa kwenye kipaza sauti, kimoja kimoja, na jina la aliyekitoa. Kisha mpiga picha akatuambia tugeuke tuangalie huku, tushike vizuri ionekane. Mama alikuwa anaangalia viatu vyake. Wiki iliyofuata shuleni walinijua kwa ile picha.

Ndipo akaja mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi. Alikuja nyumbani jioni, akakaa, akaongea na mama mambo ya kawaida kabisa. Wakati wa kuondoka akaomba karatasi ya ada zangu "aiangalie". Baadaye tulipokwenda shule kuomba muda tukaambiwa hakuna deni. Hadi leo hajawahi kulitaja, hata kwa mafumbo.

Kwa hiyo mnapojadili mafungu manne, naomba mjadili na namna ya kutoa. Mathayo 6:2-4 ipo. Msipige panda (tarumbeta) mbele yenu. Simu yenye kamera ni panda pia.

#6 mleta_uzi

Dada, asante. Nimelisoma mara mbili. Pole sana wewe na mama.

Umenikumbusha Dorkasi, Matendo 9. Alipokufa hakuna aliyesoma orodha ya michango yake. Wajane walisimama wanalia wakimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Aliyepokea ndiye aliyesema, kwa hiari yake, na aliyetoa alikuwa hawezi tena kusikia. Kupiga picha wahitaji ibadani kukome, na natamani wachungaji waliomo humu walitamke wazi.

#7 mhazini_mstaafu

Nimeshika vitabu vya kanisa muda mrefu, nawapa picha ya ndani.

Makanisa mengi yana kifungu cha maskini kwenye bajeti. Kinaitwa huruma, au diakonia, au jamii. Kipo. Kinachotokea ni kwamba kila mfuko mwingine ukipungukiwa, huo ndio unaokopwa kwanza, kwa sababu maskini hawana mjumbe kwenye kikao. Fundi wa paa anapiga simu. Kampuni ya umeme inakata. Mjane hapigi simu. Mwisho wa mwaka unakuta "mkopo kutoka huruma kwenda ujenzi", mwaka unaofuata unaendelea, baada ya miaka kadhaa wazee wanaazimia deni lifutwe kwa kuwa "ni fedha za kanisa lilelile". Hakuna mwizi hapo. Kila aliyesaini ni mcha Mungu. Na maskini wamenyang'anywa.

Dawa yake ni ya kiofisi. Mfuko wa maskini uwe na akaunti yake, watia saini wake wasiwe walewale wa ujenzi, na iandikwe kwamba hauazimwi. Paulo alikuwa makini hivyo. Katika 1 Wakorintho 16:3 anasema wapeleke mchango watu ambao Wakorintho wenyewe wamewakubali kwa barua. Katika 2 Wakorintho 8:20-21 anasema anajihadhari asije mtu akamlaumu kwa habari ya karama hiyo kubwa, anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mtume mzima, aliyemwona Bwana, hataki kubeba fedha za maskini peke yake.

Na msisahau Matendo 6. Wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakazuka. Ona majina ya wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Kapu lilikabidhiwa kwa upande uliokuwa unalalamika. Hebu kanisa lijaribu kuwaweka wajane wawili kwenye kamati ya mfuko wa maskini, muone kama utakopwa tena.

#8 jasho_langu

Wakuu, kuna mstari hamjaugusa. 2 Wathesalonike 3:10: mtu asiyetaka kufanya kazi, asile. Siku hizi kuomba ni biashara. Mtu anazunguka makanisa matatu na hadithi ileile. Nimefanya kazi tangu ujana, sioni kwa nini jasho langu limlee mvivu.

#9 mleta_uzi

Hoja yako ni ya kweli na kanisa la kwanza liliijua. 1 Timotheo 5 ina masharti ya kumwandika mjane kwenye orodha: asiwe na umri chini ya miaka 60, awe na sifa ya matendo mema, na kama ana watoto au wajukuu, hao ndio waanze kumtunza, kanisa lisilemewe. Kwa hiyo kuchunguza kunaruhusiwa. Ndiyo kazi ya wale saba.

Ila soma mstari wako kwa ukamilifu. Anasema asiyetaka kufanya kazi, na mistari mitatu mbele anawageukia waumini: msikate tamaa katika kutenda mema. Alijua mvivu mmoja anaweza kuwa kisingizio cha kufunga mkono kwa wahitaji wote. Na kuhusu jasho lako, Waefeso 4:28 inamwambia aliyekuwa mwizi afanye kazi kwa mikono yake mwenyewe, "apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji". Katika mstari huo kugawa ndiko kunakotajwa kuwa sababu ya kufanya kazi.

Yohana Krisostomo, akihubiri Antiokia mwishoni mwa karne ya 4, alilalamika kuhusu jambo hilihili. Maskini akiomba kitu kidogo tu, watu wanamhoji maisha yake yote kama mahakamani. Na kanisa hilo lilikuwa likiwatunza wajane na mabikira 3,000 kila siku, kwa mapato ambayo yeye mwenyewe anasema hayakufikia hata ya tajiri mmoja mkubwa wa mji. Wadanganyifu walikuwepo siku zile pia. Hawakuifuta orodha.

#10 mbegu_na_mavuno

Shalom. Kanisani kwetu tunafundishwa kupanda mbegu. Unapanda madhabahuni kwa imani, Mungu anakurudishia mara mia. Hata yule mjane wa senti mbili alitoa vyote alivyokuwa navyo, Yesu akamsifu. Kama maskini naye akipanda atatoka kwenye umaskini. Hiyo si njia bora kuliko kumpa msaada kila siku?

#11 mleta_uzi

Nakujibu kwa upendo, maana najua wengi wanatoa kwa moyo safi.

Fungua Marko 12, uanzie mstari wa 38. Yesu anawaonya watu kuhusu waandishi wanaopenda mavazi marefu, kusalimiwa masokoni na kuketi mbele, "ambao hula nyumba za wajane". Sentensi chache baadaye anaketi kuelekea sanduku la hazina, na mjane maskini anaweka senti zake mbili, riziki yake yote. Kisha sura ya 13 inaanza, wanafunzi wanashangaa mawe makubwa ya hekalu, naye anawaambia halitasalia jiwe juu ya jiwe. Soma hayo matatu kwa mfululizo. Moyo wa mama yule Yesu anauheshimu mno. Lakini hakuna mahali Marko anasema alirudishiwa mara mia. Tunachojua ni kwamba amerudi nyumbani bila kitu, na jengo alilolitolea likabomolewa na Warumi mwaka 70.

Kwa torati, mjane hakuwa mtu wa kupanda. Alikuwa mtu wa kuvuna. Walawi 19:9-10 inamkataza mwenye shamba kumaliza pembe za shamba lake au kurudi kuokota masazo, hayo ni ya maskini na mgeni. Ruthu aliishi kwa sheria hiyo. Mtu anayemwambia mjane alete mbegu yake ya mwisho amegeuza torati juu chini, na akifanya hivyo huku anajua hali yake nyumbani, namwogopea sana siku ya hukumu. Yakobo 5:4 inasema vilio vya wavunaji waliozuiliwa ujira wao vimeshafika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

#12 msomaji_kimya

Mleta uzi, umeongea sana kuhusu kanisa. Na mtu mmoja mmoja je? Mimi si mzee wa kanisa wala mhazini. Nimeajiriwa, nina familia. Nitoe kiasi gani?

#13 mleta_uzi

Agano Jipya halikupi asilimia. Linakupa 2 Wakorintho 8:12-14: kwa kadiri ya ulicho nacho, si kwa kadiri ya usicho nacho, na lengo si wengine wapate raha nawe upate dhiki, bali mambo yawe sawasawa. Familia yako imo humo ndani.

Njia moja iliyonisaidia kufikiri ni ya John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti. Alisimulia katika mahubiri habari za kijana aliyekuwa akipata paundi 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28 na kutoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60, akaishi kwa 28 zilezile na kutoa 32. Akafika 90, kisha 120, bado 28. Wengi wanaamini alikuwa akijisema mwenyewe. Sikwambii ubaki na kima kimoja maisha yote, watoto wanakua na ada zinapanda. Ila jiulize: mshahara wako ulipoongezeka mara ya mwisho, nani aliyefaidika zaidi ya nyumba yako?

#14 mtumishi_mdogo

Mleta uzi na mhazini, nimechapisha uzi huu, nautumia kwenye kikao cha wazee. Nitapendekeza mfuko wa maskini wenye akaunti yake, usioazimwa, na wajane wawili kwenye kamati. Na picha ibadani, kwa dada yetu wa #5, kwangu mimi zimekoma leo. Swali moja najua litaulizwa: mfuko huo ni wa washirika wetu tu, au hata wasio wa imani yetu?

#15 mleta_uzi

Haleluya, mchungaji. Wagalatia 6:10: tuwatendee watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio. Kwa hiyo washirika kwanza, ila mlango usifungwe. Karibu mwaka 362 Kaisari Juliano, aliyeuacha Ukristo na kutaka kurudisha ibada za miungu, alimwandikia kuhani mkuu wake mmoja kwa uchungu kwamba ni aibu, Wagalilaya, yaani sisi, wanawalisha maskini wao na wa wapagani pia, huku wapagani hawapati msaada kwa watu wao wenyewe. Wasomee wazee hiyo barua. Na kwenye azimio wasio washirika watajwe kwa maandishi, maana lisipoandikwa, mhazini ameshatueleza litakwenda wapi.